Kila kontra mpya, mimi mwanafunzi tena

Tangazo la kazi likitoka hapa Lubumbashi, Kongo, jua halizami kabla halijazunguka vikundi vyote vya WhatsApp, toka Katuba mpaka Bel-Air. Wanatafuta fundi umeme wa viwandani, A1 au A0 (yaani mwenye diploma ya chuo), mwenye uzoefu wa migodini usiopungua miaka 10. Vijana wa mtaani wananitumia: "Papa, hii njo yako kabisa." Ni yangu kweli. Miaka ninayo, tena na ya ziada. Ila kwa jinsi kazi inavyogawiwa siku hizi, miaka hiyo haijumlishwi popote.

Kampuni kubwa ya shaba haiajiri mafundi wake wote yenyewe. Matengenezo ya pampu, mikanda ya kubebea mawe, mota, hata taa za barabarani ndani ya mgodi, yanapewa kampuni ndogo, hawa tunaowaita sutretansi. Kampuni ndogo inapata soko, yaani kandarasi, la mwaka mmoja au miwili. Muda ukiisha, soko linakwenda kwa mwingine. Aliyelipoteza anafunga ofisi. Aliyelipata anawachukua watu walewale, maana ndio wanaozijua mashine.

Mimi nimepita humo. Jioni tulirudisha beji. Asubuhi yake tulikuwa mbele ya pampu ileile, na mkuu wa karakana yuleyule. Juu ya kofia zetu za usalama walikuwa wamebandika nembo ya kampuni mpya, na kwa kuwa ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, ile ya zamani ilichungulia pande zote. Ofisini lakini tuliandikwa kama watu waliofika jana kutoka kijijini: kipindi cha majaribio, daraja la chini, mshahara wa anayeanza. Mwenzangu mmoja aliuliza wanamjaribu nini, wakati yeye ndiye aliyewafundisha nusu ya waliokuwa wakimjaribu. Aliambiwa asaini au aache nafasi kwa mwingine. Akasaini. Na mimi nikasaini.

Kisheria hakuna aliyekosea hapo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Sheria ya kazi ya 2002 inaruhusu majaribio ya hadi miezi 6 kwa mfanyakazi mwenye ujuzi. Sheria hiyohiyo inasema kampuni ikiuzwa, kontra (mikataba) za wafanyakazi zinaendelea kwa mwenye mali mpya. Lakini huku kwetu hakuna kampuni iliyouzwa. Soko tu limebadilisha mkono. Kwa hiyo kinachoendelea ni pampu. Sisi tunaanza sifuri.

Sasa mtu akipitia sutretansi nne au tano, halafu apeleke dosiye kwenye kampuni kubwa, CV yake inaonekanaje? Kama ya mtu asiyetulia. Mwaka hapa, miezi 18 pale. Anayesoma anauliza mbona unahamahama, na wewe hukuwahi kutoka kwenye kiwanda kimoja. Ukitaka kuthibitisha, unahitaji cheti cha mwisho wa kazi, ambacho mwajiri analazimika kukupa kontra inapokwisha. Nendeni mkakiombe. Kampuni imeshafungwa, meneja yuko Kinshasa au nje ya nchi, simu haipokelewi. Nina majirani ambao uzoefu wao wote uko mikononi, kwenye makovu ya moto wa umeme, na kwenye karatasi hawana hata mstari mmoja.

Wazee wetu walisema Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, njo baba, njo mama. Sitaupamba wakati ule. Najua ulivyoisha: mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na hiari gani kwa mtu aliyekwisha kukaa miezi na miezi bila mshahara. Lakini kulikuwa na kitu kimoja nakitamani: namba ya matrikule, ile namba ya mfanyakazi. Mzee alikuwa anaikariri kama jina la babake. Ukihama kutoka karakana moja kwenda nyingine, hata kutoka Likasi kuja hapa, namba inakufuata, na daraja lako nalo linakufuata. Hakuna aliyekuuliza tena kama unajua kushika bisibisi.

Siku hizi wanauliza. Kwenye jaribio la maandishi la karibuni nililofanya, swali la kwanza lilitaka nichore namna ya kuwasha mota kwa nyota na pembetatu. Hilo ni somo la shule. Kijana aliyekuwa akitusimamia alikuwa mwenye heshima, simlaumu, naye anatafuta mkate. Nilichora, nikamaliza mapema, nikangoja swali la kweli: mota inayoruka, inajizima yenyewe, kila saa nane mchana tu, unaanzia wapi kuitafuta? Halikuja. Karatasi ile haikuwa na mahali pa kumtofautisha mtu aliyekesha na mota na mtu aliyekariri mchoro wake usiku wa jana. Na kama alama ni sawa, watamchukua wa bei nafuu. Hata mimi ningekuwa mhasibu wao ningefanya hivyo.

Halafu linakuja swali la getini: "Muzee, uko na myaka ngapi?" Umri wa pensheni katika nchi hii ni miaka 60, na matangazo yanaandika mwisho ni 40. Hiyo 20 ya katikati tuifanyie nini, hakuna anayesema. (Ukienda Kolwezi, mkoa wa Lualaba, kuna swali jingine juu ya hilo: unatoka wapi. Tangu mkoa wa Katanga ugawanywe mwaka 2015, mtu wa Lubumbashi ni mgeni Lualaba, na wenyeji kwanza. Matabishi, yaani hongo, siyaandiki hapa, kila mtu anayajua.)

Wapo watakaonijibu kwamba sutretansi imewapa Wakongomani biashara. Ni kweli. Sheria ya mwaka 2017 iliwawekea masoko hayo wenye kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Kongomani, na nafurahi nikiona kijana wa hapa ana magari yake mgodini. Lakini tulipowafikiria wenye kampuni, fundi tulimsahau. Tajiri amekuwa wa nyumbani, kontra imebaki fupi vilevile.

Wengine wanasema sisi wenye umri tunataka mshahara mkubwa mno. Nitajieni mmoja aliyeukataa mshahara wa kawaida. Ninachokataa ni kulipwa kama mwanafunzi, halafu pampu ikisimama usiku wa manane, simu inayolia ni yangu.

Ninachoomba hakihitaji hata sheria mpya. Kampuni kubwa ina orodha ya kila beji iliyopita getini, kwa jina na tarehe. Itoe karatasi moja: fulani amefanya kazi ndani ya mgodi huu tangu mwaka fulani, kwenye mashine fulani, chini ya sutretansi hizi na hizi. Na inapotoa soko jipya, iandike ndani ya masharti kwamba aliyekuwapo haanzi tena na majaribio, na daraja lake halishuki. Inspekta wa kazi akifika, aombe kuiona orodha hiyo kabla hajapewa kiti na soda. Wanayo, iko kwenye kompyuta ya walinzi. Ndiyo hiyohiyo wanayoifungua wanapotafuta nani alikuwa zamu siku nyaya zilipoibiwa.