Nimepigiwa Kura Sebuleni Kwangu

Wenye watoto sekondari mnisikilize. Wasio nao mpite tu, zamu yenu inakuja. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa tangu 2016, tunashukuru, lakini hakuna aliyetuambia kwamba mtoto atahamishia shule nyumbani, na mwenyekiti wake na kengele yake.

Wiki inaanza na misamiati. Jumatatu binti yangu anakuja na orodha ya maneno ya Kiingereza, na mwalimu kawaambia wayabandike kwenye vitu ili macho yazoee. Kayabandika kweli! Mlangoni karatasi, ndoo karatasi, kitanda karatasi, zote kwa gundi ya uji wa muhogo, haibanduki hata umwite fundi. Mama yangu alikuja kutoka Ujiji kutusalimia. Akafika kizingitini, akaangaza ndani, machozi yakamtoka: "Mwanangu, kumbe ulikopa kausha damu, hii mikopo ya riba kali? Wameshaandika mpaka ndoo?" Mjukuu akamweleza taratibu, na alipomaliza kueleza, bibi mwenyewe akabandikwa karatasi begani.

Ijumaa ni klabu. Ya kwake ni ya mazingira, na kwetu huku jambo hilo huwezi kulikwepa, Hifadhi ya Gombe iko pale tu, mtafiti Jane Goodall alifika kwa sokwe tangu 1960. Mwaka 1991 akakaa kibarazani kwake Dar es Salaam na wanafunzi 12, wakaanzisha klabu zao za Roots & Shoots. Wanafunzi 12 tu! Leo mimi gunia la mkaa naliingiza nyumbani saa tano usiku, nimevua viatu.

Lakini hayo yote yanavumilika. Kinachonimaliza ni mdahalo wa Jumatano.

Hoja ya juzi ilikuwa: kufunga Ziwa Tanganyika kuna faida kuliko hasara. Mnaikumbuka 2024, uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu nilikuwa nakaa mwaloni naangalia mitumbwi imepigwa juu. Sasa binti yangu, aliyekuzwa na dagaa, kavaa dagaa, kasoma kwa dagaa, kapangwa upande gani? Wa kuunga mkono. Akataka kufanyia mazoezi kwangu.

Mama watoto akajipa uenyekiti. Mdogo wake binti, wa darasa la tatu, akawa mtunza muda, kijiko mkono mmoja, mfuniko wa sufuria mkono wa pili. Watoto wa jirani wakaja kuwa hadhira, maana walisikia harufu ya migebuka kwenye mawese. Binti akapanda kwenye kigoda: "Mheshimiwa mwenyekiti, mtunza muda makini, na wewe mpinzani mwenye hoja dhaifu..." Mimi huyo! Sijafungua hata mdomo!

Nikasimama, nikawaambia ziwa hili lina likizo yake ya kila mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi, wavuvi wanalala nyumbani. Likizo ya nini tena juu ya likizo? Hoja nzito kabisa. Ndiyo kwanza nataka kuingia kwenye madeni ya dukani, kwaang! Mfuniko. Muda umekwisha. Nikasema "taarifa, mwenyekiti", mwenyekiti akaniambia nikae chini au ugali upoe. Halafu binti akamalizia: "Wajumbe, ziwa lilipofunguliwa, mpinzani huyuhuyu alikaa kwenye kiti hichohicho akasema dagaa wa safari hii wamenenepa." Kura zikapigwa. Niliungwa mkono na mimi.

Sisemi mdahalo haufai. Walipojadili ndoa za utotoni, kuna shemeji mmoja alikuja kuzungukazunguka na maneno ya "binti keshakua". Binti akamtolea Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, akaeleza mwanaharakati Rebeca Gyumi alivyovipinga, Mahakama Kuu ikasema vinakiuka Katiba 2016, na Mahakama ya Rufani nayo ikashikilia hivyohivyo 2019. Shemeji aliacha chai kwenye kikombe. Siku hiyo nilimnunulia mtoto soda, na kura ingepigwa ningenyoosha mikono yote miwili.

Ila wiki ijayo hoja ni: mama ni bora kuliko baba. Mama watoto anamsaidia kukusanya hoja tangu Jumapili, wanajifungia jikoni, nikipita wananyamaza. Jana daftari lilisahaulika mezani, nikachungulia. Ukurasa wa kwanza ni "mifano hai". Yote inaanza na tarehe.