Kadi za sauti zenye kompresa ndani: nani anazihitaji?

Anayeanza kurusha matangazo mubashara, awe mhubiri, mchambuzi wa mpira au dada anayeuza mitumba TikTok, akiulizia kadi ya sauti hukutana na makundi mawili. Kuna kadi tupu, kama Scarlett Solo ya Focusrite au UM2 ya Behringer: zinapokea maiki, zinaikuza sauti, zinaikabidhi kompyuta, basi. Halafu kuna zinazoisafisha sauti zenyewe kabla haijatoka: AG03MK2 ya Yamaha, Vocaster ya Focusrite, RØDECaster Duo, GoXLR, na kule kwenye bei ya chini zile V8 za Kichina zenye vitufe vya makofi na vicheko. Kundi hili la pili ndilo linalosifiwa zaidi, na sifa zenyewe si za uongo. Tatizo ni kwamba mara nyingi linanunuliwa na asiyelihitaji, huku anayelihitaji kweli akishauriwa achukue kadi tupu eti ndiyo ya kitaalamu.

Kwa maoni yangu kinachoamua ni chombo unachorushia. Mwenye kompyuta tayari ana OBS Studio, programu ya bure, na ndani yake mna kompresa (hupunguza sauti inayopaa ili isitofautiane sana na ya chini), limita (huzuia sauti isipite kikomo), geti ya kukata kelele na kichujio cha RNNoise ambacho hutenganisha sauti ya mtu na mngurumo wa feni vizuri kuliko geti nyingi zilizomo kwenye kadi. Mtu wa namna hii akilipia mashine kubwa kwa ajili ya kompresa, amenunua mara ya pili kitu alichonacho.

Wanaotetea mashine hizo wana hoja mbili ambazo sizipuuzi. Ya kwanza: vichujio vya OBS vinafanya kazi kwenye OBS tu. Ukimpigia mgeni kwa Zoom, yeye hapati usafi wa OBS. Kadi inayochakata yenyewe hutoa sauti ileile safi kwa kila programu. Ya pili ni kujisikia kwenye hedifoni. Kompyuta huigawa sauti katika vipande vidogo sana viitwavyo sampuli, na hukusanya kwanza rundo lake, yaani akiba, kabla ya kuvifanyia kazi. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, akiba ya sampuli 512 huchukua karibu milisekunde 11 kuingia na nyingine kama hizo kutoka, kabla hata vichujio havijaanza kuongeza za kwao. Msemaji atavumilia. Mwimbaji ataanza kuikimbiza sauti yake mwenyewe. Kazi hiyo ikifanyika ndani ya kadi, anajisikia akiwa amekwisha kusafishwa na karibu bila kucheleweshwa.

Anayerusha kwa simu yuko kwenye hali nyingine kabisa. Programu za TikTok na Instagram hazikupi vichujio vya kujipangia kama vile vya OBS. Hakuna OBS katikati. Hapo kadi yenye kompresa ndiyo kinga kubwa aliyonayo. AG03MK2 ina tundu la waya wa simu, kitufe cha kompresa na ikwalaiza (hupandisha au kushusha besi na sauti nyembamba), na tundu la pili la USB unaloweza kulichomekea pawabenki, jambo ambalo mtu wa mitaa yenye mgao wa umeme halidharau. V8 nayo ina betri yake na waya wa simu, ila "uchakataji" wake zaidi ni mwangwi na sauti za kuchekesha. Kwa mnada wa nguo inatosha. Kwa darasa la dini la saa mbili, ule mlio wa chinichini wa kadi yenyewe utawachosha wasikilizaji.

Sasa tuiangalie kompresa yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Chukua mhubiri anayenong'ona kisha akapaza. Weka kizingiti fulani, yaani kiwango ambacho kompresa huanza kukata, na uwiano wa nne kwa moja: akikipita kizingiti kwa desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), zinazotoka ni 3, yaani 9 zimekatwa. Ili sauti isipungue, kadi huzirudisha zile 9 kwa kukuza kila kitu. Akinyamaza kuvuta pumzi, feni, bodaboda na mvua juu ya bati vyote vimepanda kwa desibeli 9. Kompresa haijui mhubiri ni nani na bodaboda ni nani.

Dawa inayopendekezwa ni geti, ambayo hufunga njia sauti ikishuka chini ya kiwango fulani, na yenyewe ina ugonjwa wake kwa wasemaji wa Kiswahili. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ile ya mwisho huteremka. Geti iliyobanwa sana huimeza: "watazamaji wapendwa" inafika kwa msikilizaji kama "watazamaj wapendw". RØDECaster na GoXLR zinakuruhusu kulegeza geti ifunge polepole. Kadi yenye kitufe kimoja cha "safisha" haikupi nafasi hiyo.

Na kilichochakatwa ndani ya kadi huwa kama chumvi iliyokwisha kuingia kwenye mchuzi. Wakati wa mubashara si neno, lakini kesho utataka kukata vipande vya kupakia YouTube na hakuna sauti mbichi ya kurudia. Ndiyo maana RØDECaster Pro II, inayorekodi kila maiki peke yake, inakuruhusu kurekodi bila uchakataji. Ukitaka mashine kubwa, sifa hiyo iulizie kabla ya rangi za vitufe.

Kuna faida moja ya kadi hizi isiyotajwa sana. Maiki ya dainamiki kama SM7B ya Shure hubagua kelele za chumba, ila inadai ukuzaji wa desibeli 60 hivi. Vocaster inatoa 70, RØDECaster Pro II 76. Kadi nyingi za bei ndogo huishiwa pumzi kabla ya hapo. Kwenye chumba cha bati na vigae, maiki ya dainamiki ikikaribiana na mdomo itakusaidia kuliko kompresa yoyote, na mara nyingi uzuri unaosifiwa kwenye video za matangazo unatokana na hilo.

Mapambo mengine yapite tu. Kwa matangazo ya mubashara YouTube wanapendekeza kilobiti 128 kwa sekunde za sauti, na msikilizaji wako anatumia spika ya simu. Besi nzito ya RØDECaster inaishia njiani.

Kabla hujalipa, ichomeke kadi kwenye simu yako hapohapo dukani, omba feni iwashwe, zungumza, nyamaza, kisha sikiliza ulichorekodi, hasa pale uliponyamaza. Muuzaji akikataa usijaribu, duka la jirani lina kadi hiyohiyo.