Ngano za wazee zikirushwa YouTube, ruhusa ni ya nani?

Vijana wa Tukuyu na Mbeya mjini wana kazi moja ninayoipenda sana: wanakwenda kwa wazee na simu zao, wanarekodi ngano, kisha wanaziandika upya au kuzisimulia YouTube. Hoja yao ni nzito. Wazee wanaondoka, na simulizi za Ziwa Ngosi na nyoka wake zisiporekodiwa sasa zitakosa msimuliaji.

Lakini mwenye ngano ni nani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu nzima inayohusu sanaa za jadi, na watunzi wengi hawajaifungua. Ukiitumia ngano kwa kutafuta faida, nje ya mazingira yake ya kawaida, unatakiwa kupata kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Na ukiichapisha, utaje jamii au eneo ilikotoka. Kusimuliana jikoni hakumo. Chaneli yenye matangazo ya kulipwa, hapo ujiulize. Sheria hiyohiyo inampa nafasi mtunzi anayechota kwenye ngano ili atunge kazi yake mwenyewe: huyo haombi kibali, na kazi yake ni mali yake tangu alipoitunga, bila kungoja kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hadi miaka 50 baada ya kufa kwake. Tatizo ni kwamba wengi wanasema wamechota, kumbe wamemnukuu bibi neno kwa neno.

Ninaelewa wanaolalamika kwamba kibali ni mzigo. Kijana wa Rungwe asiye na nauli akiambiwa afuatilie makaratasi kwa ajili ya ngano ya sungura, ataacha, na ngano itakufa. Hapo niko upande wake.

Ninapoachana naye ni kwenye simulizi zenye watu ndani. Bibi mmoja wa Tukuyu alimsimulia mjukuu wa jirani jinsi shamba la migomba lilivyogombaniwa zamani, akautaja ukoo uliolichukua. Alijua anarekodiwa, alidhani ni kwa ajili ya wajukuu. Klipu iliporushwa, majina yakiwa yaleyale, wa ukoo ule walifika kwake kumuuliza. Kijana alikuwa ametaja kijiji, jamii na hata jina la bibi. Kisheria alidhani amekamilisha. Tangu 2022 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, kukubali kurekodiwa si kukubali kurushwa.

Wapo watakaosema basi tuwape koo kura ya turufu. Hapana. Simulizi nyingi za kwetu zinahusu wasichana walioozwa kwa nguvu na wajane walioitwa wachawi, na anayetaka zinyamaziwe mara nyingi ndiye aliyetenda. Vilevile Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ambaye fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na liko Kalenga, ni historia ya wote. Mwandishi wa Iringa hahitaji kupiga hodi kwa kila mjukuu ili amwandike. Ila kwa mtu wa kawaida, badilisha majina na kijiji, na umsomee msimulizi kazi yote kabla haijapanda, kwa Kinyakyusa ikibidi, akiwa na nafasi ya kusema hapa toa.

Kuhusu fedha za matangazo, sijaona kifungu kinachomlazimisha kijana kumgawia bibi chochote. Mimi ningemgawia, na ningekubaliana naye kiasi kabla ya kuwasha simu.