Mwanangu wa miaka 16 alinipangia kazi, nami nikafurahi

Jumapili iliyopita nilisukuma wilibaro nusu siku katika uwanja wa sinagogi hapa New Jersey, na aliyenipangia kazi ni mwanangu wa miaka 16. Anatafuta daraja la Eagle, la juu kabisa kwa skauti wa Marekani, na hulipati bila kuongoza mradi wa kusaidia nyumba ya ibada, shule au jamii. Kushika jembe pekee hakutoshi. Alichagua sinagogi la jirani: njia ya kokoto hadi pale wanapojenga kibanda chao wakati wa Sikukuu ya Vibanda, ili wazee wa viti vya magurudumu wafike, na mitufaha miwili pembeni.

Kilichonigusa ni yaliyotangulia siku hiyo. Kijana alikaa mbele ya rabi na kamati, mchoro na hesabu mkononi. Wakamuuliza maji ya mvua yataelekea wapi. Akarudi nyumbani, akachora upya. Kazi ikapangwa Jumapili baada ya sisi kutoka kanisani, maana Jumamosi ni Sabato yao na hakuna kuchimba. Mzee mmoja akatueleza kwamba matunda ya miaka 3 ya kwanza hayaliwi, ndivyo Torati inavyosema. Mwanangu alikuwa keshaliandika hilo kwenye mpango wake. Mimi nilisoma chuo Nairobi, karibu kabisa na sinagogi la University Way, na miaka yote ile sikuwahi hata kuuliza ndani mna nini.

Kwetu ni Nyeri. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, amezikwa kwetu tangu 1941, na jiwe la kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kusema nimekwenda nyumbani. Nilivaa skafu ile miaka 4. Kazi yetu ilikuwa kusimama juani siku ya Madaraka tukiwaonyesha wageni viti. Mwaka mmoja tulichimba mashimo ya miche. Mgeni rasmi akapanda wa kwanza, picha zikapigwa, na hakuna aliyepangiwa kumwagilia. Kiangazi kikaimaliza yote.

Moyo kwetu upo, tena mwingi. Huku watu wa kubeba kokoto walialikwa wiki 2 kabla, na bado wengine hawakufika. Nyeri ukipiga mbiu asubuhi, kufikia saa sita kijiji kizima kimefika na chai iko motoni. Hilo nalikosa sana. Lakini katika kijiji hichohicho, kijana akiuliza maji yataelekea wapi, huambiwa anawajibu wazee, kisha hupewa mtungi akateke maji. Hapo tunajinyima wenyewe.

Desemba tunakwenda nyumbani. Nimewaandikia walezi wa skauti wa shule yangu ya zamani: pesa za miche nitatoa, ila mpango wauandike wanafunzi, zamu za kumwagilia ziwemo, na mgeni rasmi asialikwe.