Ganda la korosho linalinda nini hasa?

Kila msimu unapofunguliwa Mtwara, hoja ya kubangua korosho huku huku badala ya kuzipakia ghafi kwenda India na Vietnam hurudi, na jibu huwa lile lile: yenye ganda inatunzika, iliyobanguliwa inachacha. Jibu hilo lina ukweli, ila si wote.

Korosho ni mbegu, na karibu nusu ya kiini chake ni mafuta, akiba ya mche. Mbegu ikipata maji, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho lipesi huyakata mafuta yakawa gliseroli na asidi za mafuta, mche ukapata chakula kabla haujawa na majani. Sisi nasi tunayo ya kwetu, itokayo kwenye kongosho, na bila hiyo mafuta mengi ya kisamvu cha nazi yangetupita tu. Tumboni tunaitaka. Ghalani ni hasara: asidi zilizoachwa huru huharibu ladha.

Wanaotetea ghafi wako sahihi kwamba kiini kikivunjika vipande, seli zake hupasuka na kimeng'enya kikayafikia mafuta kwa urahisi. Lakini ganda halimalizi kazi ya unyevu. Korosho iliyotiwa guniani haijakauka, au iliyonyeshewa na mvua za Desemba ikisubiri mnada, huharibikia humo humo gandani. Ikikatwa kupimwa ubora, kiini kimeshabadilika rangi, na mkulima wa Tandahimba anashushiwa daraja.

Wabanguaji wana joto. Korosho hupigwa mvuke kabla ya kupasuliwa, kisha viini hukaushwa hadi unyevu wa asilimia 5 hivi. Joto huvuruga umbo la kimeng'enya, na ukavu hukinyima maji ya kufanyia kazi. Ningewaunga mkono moja kwa moja, kama si hewa. Oksijeni haihitaji kimeng'enya chochote. Huyachachisha mafuta hata ya korosho iliyokaangwa vizuri (onja zile za vifuko vilivyoshinda juani stendi). Ndiyo maana za kusafirishwa mbali hufungwa kwenye mifuko iliyoondolewa hewa.

Kwa hiyo lipesi si sababu ya kukataa kubangua. Kikundi kidogo cha Newala kinaweza kuidhibiti kwa turubai la kuanikia, pipa la mvuke na kuni. Hewa ndiyo inayodai mashine ya kufungia, mifuko maalumu na umeme usiokatika, na kwenye gharama hizo watu wa ghafi wana hoja nzito kuliko ile ya ganda.