Hosteli ya chuo au geto mtaani? Hesabu ya mwanafunzi wa Arusha na Moshi

Mwanafunzi mpya anayepangiwa Chuo cha Uhasibu Arusha pale Njiro, Makumira au Ushirika Moshi, akishapata barua ya udahili huanza kuulizia kodi za vyumba. Wengi hulinganisha kodi ya geto na ada ya kitanda, wakaishia hapo. Hesabu hiyo haitoshi.

Chukua mnufaika wa mkopo anayepewa shilingi 10,000 za chakula na malazi kwa siku, maarufu kama bumu. Akipanga mbali kiasi cha kupanda gari mbili kwenda na mbili kurudi, kwa nauli ya 600 kila moja, siku ya vipindi inamtoka 2,400. Karibu robo ya bumu la siku imekwenda na hajala. Tena bumu huingia kwa mafungu na wakati mwingine huchelewa, ilhali mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali anasubiri ya mwezi mmoja juu yake. Umeme nao una mtego: nyumba ya wapangaji wanane kwenye mita moja ya LUKU hupita uniti 75 kwa mwezi kirahisi, ikaondolewa kwenye kundi la watumiaji wadogo, na bei ya uniti ikapanda zaidi ya maradufu. Hosteli, ada ya kitanda inajulikana mapema.

Ila faida kubwa kuliko zote ni saa za usiku. Diskasheni kabla ya test huanza saa moja na kuisha saa nne au tano. Wa hosteli anarudi chumbani kwa miguu. Wa mtaani anaaga saa mbili awahi gari, kabla swali gumu halijaguswa, au anabaki na kulipa bodaboda, na kwa binti hapo usalama unatangulia pesa. Kwa wanafunzi wa udaktari walioanza kuzunguka wodini katika hospitali ya KCMC, Moshi, kukaa karibu ni lazima kabisa, maana zamu haisubiri daladala.

Hata hivyo, hosteli haziwatoshi wote, na ndiyo maana watu wanabebana. Chumba cha wanne kinalaza sita, maji yanakata asubuhi, msuli, yaani kujisomea, usiku chumbani hauwezekani. Kupika marufuku, anayechomeka jiko la umeme kwa siri anazidisha mzigo kwenye waya na kuzima korido nzima. Inabaki kantini kila siku. Geto la wanafunzi wawili wenye mtungi wa gesi wa kilo 6 na gunia la mahindi kutoka nyumbani hula vizuri zaidi kwa pesa pungufu. Na mwanafunzi mwenye mtoto, hosteli haimhusu.

Kwa maoni yetu, mwaka wa kwanza ukae hosteli hata kama kuna msongamano. Ndio mwaka wa kujifunza kusajili masomo, kufuatilia alama za kozi na kujua utaratibu wa sap, yaani mtihani wa marudio, na habari hizo hupatikana koridoni mapema kuliko kwenye mbao za matangazo. Kuanzia mwaka wa pili, geto linafaa likiwa la kutembea kwa miguu.

Kabla ya kulipa, nenda jioni ujue njia ilivyo gizani, fungua bomba, dai mkataba na risiti. Uliza maji yanatoka wapi: visima vingi kuzunguka Mlima Meru vina floridi nyingi inayoharibu meno, na kuchemsha hakuiondoi. Baridi ya Juni na Julai ikikubana, usiingize jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Hewa yake yenye sumu haina harufu na imeua watu usingizini.

Anayetaka hosteli aombe kitanda mara tu akaunti yake ya mwanafunzi inapofunguliwa, na pesa iwe tayari. Namba ya malipo ikipitwa na muda, kitanda hupewa mwingine.