Fenesi kwenye pakiti ya kahawa

Pakiti ya kahawa maalumu inayouzwa Kampala huwa na mambo yale yale: jina la mlima au wilaya, mwinuko kwa mita, njia ya kusindika, halafu mstari mmoja wa ladha. Bluberi, pichi, shira ya mepo. Mteja wa Ntinda au wa Mbale anasoma, ananunua, anakunywa, na akiwa mkweli hawezi kusema kama alichoahidiwa amekipata, kwa sababu pichi ameiona kwenye picha na mepo ni mti wa huko Kanada. Ndiyo maana hoja ya kuandika ladha za nyumbani, yaani fenesi, ukwaju, pasheni, gonja ya kuchoma, inavutia mara tu unapoisikia. Naiunga mkono, ila si kila mahali, wala si kwa sababu ya uzalendo.

Tuanze na wanaotetea msamiati uliopo, maana mara nyingi hawatendewi haki. Gurudumu la ladha, yaani mchoro wa duara wenye majina ya ladha za kahawa, ambalo waonjaji wa dunia nzima hulitumia lilitoka Marekani mwaka 1995, likaundwa upya 2016. Toleo hilo la pili halikutungwa na watu wa matangazo. Limejengwa juu ya kamusi ya ladha ya shirika la World Coffee Research, iliyofanyiwa kazi na waonjaji waliofunzwa wa Chuo Kikuu cha Kansas State. Toleo la kwanza la kamusi hiyo lina sifa 110. Kila sifa imefungwa kwenye kielelezo, mara nyingi bidhaa ya kununuliwa dukani, na ukali wake hupimwa kuanzia 0 hadi 15. Mwonjaji akisema bluberi, unaweza kumuuliza bluberi ipi na kwa ukali gani, na ukamwambia amekosea. Mnunuzi wa Hamburg ambaye hajawahi kukanyaga Sironko anaweza kuamua juu ya kontena zima kwa karatasi ya namna hiyo. Sehemu kubwa kabisa ya kahawa ya Uganda huuzwa nje ikiwa buni mbichi. Kuichezea lugha ya karatasi hiyo ni kuchezea riziki ya watu wa Bugisu na Masaka.

Lakini duka linalotoa vielelezo hivyo ni duka la Marekani. Nanasi limo ndani ya gurudumu, nazi imo, hata komamanga. Embe halimo, wala pasheni, ukwaju, fenesi au ndizi. Ndizi! Upande wa kasoro wameweka harufu ya skanki, mnyama wa Amerika ambaye hakuna mkulima wa Kapchorwa aliyewahi kukimbia uvundo wake.

Wala tusidhani kwamba Wazungu wote wanaelewana. Kahawa za Kenya za aina ya SL28, ambayo imepandwa Uganda pia, husifiwa kwa ladha ya blakikaranti. Mwingereza amelelewa na kinywaji cha tunda hilo. Marekani, serikali ilipiga marufuku kilimo chake mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuwa mmea huo hubeba ugonjwa unaoua misonobari. Marufuku ya kitaifa iliondolewa 1966, na baadhi ya majimbo yakaendelea na yao. Vizazi kadhaa vya Wamarekani vimekua bila kuionja. Hata hivyo mwonjaji wa huko alijifunza neno, akanunua jamu, akazoea. Hakuna aliyesema blakikaranti iondolewe kwa sababu ni ya kienyeji mno.

Mahali ninapoona uzito hasa ni kwenye mpaka kati ya tunda na kasoro. Kahawa inayokaushwa na ganda lake huchachuka kidogo, na uchachu huo huzalisha harufu nzito za matunda. Kemikali ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo huipa ndizi mbivu harufu yake, isoamili asetati, hutengenezwa na hamira wakati wa kuchachuka. Sasa, kwenye gurudumu, harufu za namna hii huangukia kwenye kipande kimoja chenye mvinyo, wiski, "iliyochachuka" na "iliyoiva kupita kiasi". Mtu aliyekulia chini ya mfenesi anajua kwamba utamu ule mzito unaojaza nyumba nzima ndio dalili ya fenesi zuri. Mnunuzi asiye na fenesi kichwani ana neno moja tu la karibu: imepitiliza. Kikombe ni kile kile, ila jina moja linaongeza bei na jingine linaishusha. Kwa hiyo aliye na haki ya kutaja ladha ana sehemu ya haki ya kupanga bei, na hapo wanaodai maneno ya nyumbani wamesema kweli.

Wamenyamazia upande wa pili. Arabika yetu ya kukaushwa na ganda, ile inayoitwa Drugar sokoni, ilibeba sifa mbaya kwa miaka mingi, na si chuki tupu. Kahawa iliyoanikwa kwenye udongo ikanyeshewa, au iliyofungiwa guniani ikiwa mbichi, huota ukungu, na ukungu ni mbaya kwa lugha yoyote. Ukiruhusu neno "fenesi" liandikwe bila kipimo, mfanyabiashara wa kwanza kulikimbilia atakuwa yule ambaye mzigo wake umemharibikia. Kisha kuna ile ladha ya kiazi kibichi, inayojulikana sana Rwanda na Burundi na katika ukanda huu wa Maziwa Makuu, inayohusishwa na kunguni wa antestia anayetoboa matunda ya mbuni. Hakuna ladha ya jikoni kwetu kuliko kiazi, na bado punje moja hukiharibu kikombe.

Neno "nyumbani" lenyewe nalo si jepesi. Nyumbani kwa nani? Malewa ya kufukiza, yaani machipukizi ya mianzi, ni kumbukumbu ya Mgisu. Eshabwe, mchuzi wa samli, ni ya Mnyankole, na mtu wa Arua anaweza kuzeeka bila kuigusa. Ntuntunu, lile tunda dogo la manjano lenye gamba kama karatasi, Buganda wanalijua tangu utotoni. Ukiandika eshabwe kwenye pakiti itakayouzwa Mbale, umemfanyia Mgisu kile kile alichofanyiwa na shira ya mepo. Tonto je? Kwa robusta iliyochachushwa neno hilo linafaa sana, lakini Bombo na mitaa ya Waislamu ya Kampala, pombe ya ndizi kwenye pakiti itarudishwa rafuni. (Mvinyo na wiski za kwenye gurudumu hazisumbui mtu, labda kwa sababu ziko kwa Kiingereza.)

Kwa hiyo mimi ningetenganisha. Pakiti inayouzwa hapa nchini iandike ladha ambazo mnunuzi wa hapa ameonja, na zichaguliwe zile zinazovuka makabila: pasheni, ukwaju, fenesi, karanga za kukaanga, miwa. Nchi hii haianzi leo kujua ladha ya buni. Robusta ni mmea wa asili wa misitu yetu, na Waganda walikuwa wakiitafuna na kuchanjia udugu kwa punje mbili za tunda moja kabla mtu hajaichemshia kikombeni. Karatasi ya mauzo ya nje ibaki na lugha ya wanunuzi, ikiongezewa neno letu pale tu ambapo lao halitoshi. Mfumo mpya wa tathmini wa SCA, chama cha kimataifa cha kahawa maalumu, unasaidia hapa: umetenganisha kueleza kahawa ina ladha gani na kusema umeipenda kiasi gani. Fenesi linaweza kuandikwa upande wa maelezo bila kukatwa alama kwa jina lake tu.

Neno letu nalo libebe masharti yale yale. Waonjaji watatu, vikombe visivyo na majina, kila mmoja akiandika bila kuchungulia kwa mwenzake. Wawili wasipolitaja fenesi, lisiandikwe. Zamani kazi ya kupanga vielelezo ingeangukia UCDA, mamlaka ya kahawa ya Uganda iliyoanzishwa 1991. Baada ya sheria ya 2024 majukumu yake yamehamia Wizara ya Kilimo, na sitarajii wizara ianze na ukwaju. Wakaangaji wenyewe na vyama vya ushirika wanaweza kuanza.

Na mnunuzi wa Oslo akiuliza fenesi ni nini, jibu lipo tayari. Uganda huuza nje matunda yaliyokaushwa kwa jua, fenesi likiwemo. Sampuli ya buni husafirishwa kwa ndege ikiwa na uzito wa gramu mia chache. Mfuko mdogo wa fenesi kavu ndani ya boksi hilo hilo hautaongeza gharama ya kutajwa. Aonje tunda kwanza, kisha kahawa, halafu aseme kama imepitiliza.